Mdoe na Pipa la Bwana Pumzi

Mdoe wa Mkata alikuwa mtu wa majivuno, na nalisema hilo mapema ili asije mtu akanishika baadaye kwamba nilimficha. Hakujivunia mali, maana hakuwa nayo. Hakujivunia sura, sura yake ilikuwa ya kawaida tu, ukikutana naye sokoni unamsahau kabla hujafika nyumbani. Alijivunia kifua. Huko kwao upande wa Handeni, yeye ndiye aliyekuwa akipiga baragumu la kuita watu kwenye kilimo cha pamoja, na akilipiga yeye, hata watu wa kijiji cha pili walitokea na majembe yao begani, wakakuta hawakualikwa, wakaishia kula ugali wa wenyewe. Wazee wakamwomba apunguze. Mdoe akajibu kwamba kupunguza hajui.

Basi Wajerumani wakaleta kodi yao ya nyumba, na baragumu halilipi kodi. Mdoe akamchukua mkewe Zamda, wakashuka Korogwe, wakapanga kibanda mtaa wa Manundu, na yeye akaandikwa kazi katika shamba la mkonge ng'ambo ya mto. Alipewa kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi isiyolipwa mpaka ijae, akapangwa nje, kwenye kuanika. Kama hujawahi kuiona kazi hiyo, ni hivi: majani ya mkonge yanasagwa kwenye mashine kubwa iitwayo korona, zinatoka singa mbichi, yaani nyuzi zake, zinaanikwa juani kwenye nyaya mpaka ziwe nyeupe. Zikishakauka zinapelekwa brashi.

Brashi ndiyo ilikuwa taabu. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye mlango na isiyo na dirisha hata moja, kwa sababu Bwana Mkubwa wa shamba aliamini upepo ukiingia utampeperushia singa zake. Mle ndani mashine zilizichana singa kutwa nzima, na vumbi likasimama hewani likakataa kushuka. Watu wa brashi walipotoka jioni walikuwa weupe kichwani, weupe kwenye kope, weupe mpaka ndevu, hata watoto wa Manundu waliwaamkia "shikamoo babu" wakiwa na miaka yao ishirini na kitu. Wenyewe walikuwa wanaitikia tu. Ukikohoa namna ile, kugombana na mtoto huwezi.

Mmoja wao alikuwa Mihambo, Mnyamwezi aliyekuja na mizigo ya watu miaka mingi nyuma asirudi tena kwao. Sasa, Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani hana simile. Mdoe na Mihambo walikuwa wakitukanana toka alfajiri.

"Mnyamwezi," Mdoe alikuwa akisema, "kichwa chako kimekuwa bapa kwa kubeba. Ukilala chali mtu anaweza kukuwekea chungu."

"Na babu yako alijiuza mwenyewe kwa kikapu cha mtama," Mihambo alikuwa akijibu, "halafu akala ule mtama, mwenye mtumwa akala hasara."

Ndivyo walivyopendana. Lakini siku hizi Mihambo alikuwa akianza tusi, kikohozi kinamkatiza katikati, anajikunja, anashika goti, na Mdoe inambidi asubiri kwa adabu mpaka tusi limalizike ndipo ajibu. Jambo hilo lilimchoma Mdoe kuliko alivyopenda kukiri. Mtani ambaye tusi lake halifiki mwisho ni mtu anayekwenda, na Mdoe hakutaka aende.

Hapo ndipo akaja profesa.

Alishuka kwenye treni ya Tanga na makasha yake, mtu mrefu, mwembamba, miwani minene, ana haraka ya mtu aliyesahau kitu. Kazi yake ilikuwa kufundisha udaktari katika chuo kikuu kwao Ulaya, na udaktari wenyewe ulikuwa wa namna ya pekee: hakuuliza umekula nini wala umerogwa na nani, aliuliza unafanya kazi gani. Alitaka kujua vumbi la mkonge linamfanya nini mtu. Mkalimani wake alikuwa Jonathan, Msambaa aliyesoma misheni, aliyekuwa na viatu ambavyo alivaa wakati wa kutafsiri tu.

"Chuo kikuu ndiyo nini?" watu walimwuliza.

"Ni shule ya watu wazima," Jonathan akasema, "ambao walisoma udogoni isitoshe."

Watu wakamhurumia profesa. Wakamwita Bwana Pumzi, kwa sababu ya kile alichokitoa kwenye kasha kubwa kuliko yote: pipa la bati lililojazwa maji, na ndani yake pipa dogo limegeuzwa kifudifudi, na mpira mrefu wenye kipulizio cha mfupa. Unavuta hewa, unapuliza mpirani, pipa la ndani linapanda kwa kadiri ya pumzi yako. Juu kabisa Bwana Pumzi alitundika kikengele, ili kuwatia watu hamu. Pipa likifika huko, kinalia.

Akawakusanya watu wa brashi na watu wa kuanika, akasema kwa kinywa cha Jonathan: "Nitapima vifua vyenu vyote. Nikiona vya brashi ni vibovu, nitamwambia Bwana Mkubwa akate madirisha, na wenye hali mbaya nitaomba watolewe vumbini wapewe kazi ya nje." Na kweli fundi seremala alikuwa ameshaagizwa kutoka Tanga, amekaa kwenye kivuli chembamba cha ghala na msumeno wake, anangoja neno.

Jamani, mlitaka nini zaidi? Lakini watu walimwelewa vizuri sana, tatizo hawakumwamini hata kidogo. Mwaka wa ndui alikuja daktari mwingine, naye alisema maneno matamu vilevile, na waliokutwa na vipele walipelekwa karantini porini na mikeka yao ikachomwa moto. Mihambo alikuwa na upele wa joto tu, na mpaka leo alikuwa akiulilia ule mkeka.

Mchana ule, wakinywa uji aliokuwa akiuuza Zamda nje ya lango la shamba, hakukuwa na mazungumzo mengine.

"Kifua changu kikipimwa," Mihambo akasema, "watanipeleka karantini. Nikitoka huko kipande changu hakijajaa, sina changu. Basi hapo nitakuwa nimekufa kabla ya kufa."

Mdoe akamtazama mtani wake, akatazama uji, na majivuno na huruma vikampanda kwa pamoja, hata asijue kipi ni kipi. "Nitakupulizia mimi," akasema.

"Wewe?"

"Mzungu yule hatutofautishi. Ana miwani ile mpaka anamsalimia punda. Nitajiita Mihambo, nitapuliza, yamekwisha."

Kisha mmoja wa brashi akakohoa akasema, "Na mimi je?" Mwingine akasema, "Na mimi ambaye nina watoto?" Wakaanza kumsifu: kifua gani kile, baba yake alikula nini, mpaka Handeni nzima inajua. Ukitaka kumwangamiza Mdoe, msifu. Kabla uji haujapoa alikuwa ameahidi kuwapulizia wote.

"Umekwisha pata wazimu," Zamda akasema, akikusanya vibuyu vyake. "Kujisifia pumzi! Kila mtu anazo, hata mbuzi."

Asubuhi iliyofuata mambo yakaanza, na niseme ukweli, yalipendeza. Watu wa brashi walipanga mstari nyuma ya ghala, na Mdoe akawa anatoka huku ana kofia ya huyu, anarudi anatoka na shuka ya yule. Alipuliza kwa jina la mtu mwenye kilema, akachechemea. Alipuliza kwa jina la mzee wa kwanza wa brashi, akajipaka vumbi kwenye ndevu na kupinda mgongo, akaomba ashikwe mkono, kisha akamfanya mzee yule apige kengele. Bwana Pumzi akaruka kwa mshangao. Akaandika, akafuta miwani, akaandika tena. Jonathan alikuwa ameona kila kitu. Yeye hakuwa na miwani. Lakini Zamda, baada ya kugombana na mumewe usiku kucha, alikuwa amemkaangia Jonathan mihogo na kumwekea pembeni kwenye jani la mgomba, na mtu akitafuna mihogo ya moto anatazama mihogo.

Kwa jina la Mihambo, Mdoe alijikaza kuliko kwa wote. Alifumba macho, akafikiria lile tusi linalokatika katikati, akapuliza mpaka pipa likapanda kwa kishindo, kengele ikalia, ikang'oka, ikatumbukia majini. Huko nyuma ya ghala watu walishindwa kujizuia, wakapiga vigelegele.

Walipomalizika wa brashi, ikaja zamu ya watu wa kuanika, na hao walikuwa wazima, kila mtu akapuliza kwa kinywa chake. Wa mwisho akaitwa Mdoe. Maskini Mdoe! Kichwa kilikuwa kinazunguka, midomo imevimba, anaona pipa mbilimbili. Akavuta hewa, akapuliza, na kilichotoka kilikuwa kitu cha kuzimia kibatari. Pipa likatikisika, likakaa. Bwana Pumzi akamshika bega kwa upole, akatikisa kichwa, akaandika.

Siku ya kutangaza majibu, Bwana Mkubwa wa shamba alisimama kando ya profesa amefura kwa furaha. Jonathan akatafsiri akiwa ameangalia viatu vyake.

"Bwana Profesa anasema ameshangaa. Watu wa brashi wana vifua bora kuliko watu wa nje, bora hata kuliko askari wa kwao. Anasema labda vumbi la mkonge linakaza mapafu. Ataliandika jambo hili, na wanafunzi wake katika chuo kikuu watalisoma."

Watu wakatazamana.

"Bwana Mkubwa anasema, kwa hiyo madirisha hayana haja tena, na fundi arudi Tanga. Hakuna atakayetolewa brashi. Na kwa wema wake, yule aliyekutwa na kifua kibovu kuliko wote shambani, ataingizwa brashi kuanzia kesho ili vumbi limponye." Jonathan akasoma jina kwenye karatasi. "Mdoe wa Mkata."

Kicheko cha Mihambo kilisikika mpaka kwenye korona, halafu kikageuka kikohozi, halafu ikabidi wamkalishe chini.

Kusema ukweli wa mambo wangeweza, lakini kila mmoja alikuwa anamjua Bwana Mkubwa. Kumdanganya mzungu mbele ya mzungu mwenzake ilikuwa ni hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa kila mgongo, na migongo ilikuwa mingi. Wakanyamaza. Bwana Pumzi akapanda treni kwenda Mombo, apande milima ya Usambara akawapime watu wa huko juu, apate cha kulinganisha. Mdoe akaingia brashi.

Siku ya kwanza alisema si kitu. Vumbi lilimkaa kooni, akalitema, akaimba. Mvua za vuli zikaja, zikaisha, na kuimba kukaisha nazo. Jioni akirudi Manundu, Zamda alimwosha macho kwa maji ya uvuguvugu bila kumsema, na Zamda akiacha kukusema ujue mambo yameharibika. Mle ndani alisimama bega kwa bega na Mihambo, na sasa aliyaona yale ambayo akiwa nje alikuwa anayasikia tu: jinsi mwenzake alivyokuwa akishika nguzo ili avute hewa, jinsi alivyokuwa akificha kitambaa alichokoholea.

"Nilikuponza," Mdoe akamwambia siku moja. "Ungepuliza mwenyewe ungekuwa nje unaanika singa. Pumzi zangu ndizo zilizokufungia humu."

"Mzigua," Mihambo akasema polepole, akichagua maneno machache kwa kuwa hewa ilikuwa haba, "hata wema wako una... una hasara." Na safari hii alilimaliza tusi, na Mdoe akageuka ukutani, akalia.

Masika yalipokwisha, Bwana Pumzi akarudi na wageni. Alikuja bwana wa boma, mkuu wa serikali wa upande ule, wakaja wenye mashamba ya jirani na wake zao wenye miavuli, wakaketi uwanjani mbele ya brashi. Profesa alitaka kuwaonyesha ajabu yake kabla hajasafiri. Pipa likajazwa maji, kengele mpya ikatundikwa, naye akaita kwa sauti ya mtu anayemwita bingwa: "Mihambo!"

Mdoe akainuka. Ilikuwa mazoea, jina likiitwa, yeye ndiye anayekwenda. Lakini Mihambo akamshika shuka.

"Keti, Mzigua. Leo nakwenda mwenyewe."

Akatembea mpaka kwenye pipa akipumzika njiani. Akashika mpira, akapuliza. Pipa halikusogea. Akapuliza tena, na kikohozi kikamkamata, akaanguka magoti, mate yenye damu yakamwagika mchangani mbele ya wale wake za watu, na miavuli yote ikarudi nyuma.

Bwana Mkubwa alikuwa mwekundu. "Anajisingizia!" akasema. "Huyu ndiye aliyeng'oa kengele! Mnyapara, lete kiboko."

Hapo Mdoe akasahau migongo ya watu, akasahau na wake. "Msimpige! Hakupuliza yeye, nilipuliza mimi! Kengele niliing'oa mimi!"

Bwana Pumzi akafungua makaratasi yake, akatafuta. "Wewe ni Mdoe," akasema kwa kinywa cha Jonathan. "Wewe ndiye mwenye kifua kibovu kuliko wote."

"Kibovu? Mimi?" Hata pale, jamani, hata pale majivuno yalimpanda! "Leteni huo mpira."

Brashi nzima ikasimama kumtazama. Mdoe akatanua miguu, akafumba macho, akavuta hewa kwa nguvu ya siku zote. Hewa ikaingia kidogo, ikagota mahali. Akapuliza. Pipa likapanda, likapanda kidogo tena, likasimama katikati, likaanza kushuka. Akafumbua macho, akaiona kengele iko mbali kule juu. Akajaribu tena na pipa likasimama chini ya pale pa kwanza. Mdoe akabaki ameshika mpira, hofu imemjaa, anajipapasa kifua kana kwamba ameibiwa.

Bwana Mkubwa akacheka. Ndipo Jonathan akavua viatu vyake. Akaviweka kando, akasimama pekupeku, akamweleza profesa kwa Kijerumani, kisha akawaeleza watu kwa Kiswahili alichosema: "Nimemwambia anasema kweli. Yule kilema alikuwa yeye. Mzee mwenye ndevu alikuwa yeye. Wote walikuwa yeye. Niliona, nikanyamaza."

"Mimi sikupuliza," mtu mmoja wa brashi akasema kutoka nyuma.

"Wala mimi."

"Mimi hata hilo pipa ndiyo kwanza naliona kwa karibu."

Walikuwa wengi, na meli ilikuwa Tanga inangoja marobota ya mkonge, na mgongo uliochapwa haufungi robota. Bwana Mkubwa alikitazama kiboko, akawatazama watu, akamtazama bwana wa boma aliyekuwa ameyakazia macho mate yale mchangani, akamwambia mnyapara akiweke chini. Bwana wa boma akasema maneno mafupi, makali. Jonathan akatafsiri: Mihambo anatoka brashi leo hii, na madirisha yakatwe.

Mihambo akiwa bado chini akainua mkono, akaufungua na kuufunga kama dirisha, kumwonyesha Mdoe kwamba amesikia. Mdoe akashusha pumzi, zile kidogo zilizokuwepo.

Lakini Bwana Pumzi hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinamia makaratasi yake, amefuta majina yote ya brashi kwa mstari mmoja mrefu, na sasa alikuwa anatazama namba mbili tu: ile iliyong'oa kengele, pumzi ya Mdoe kabla ya vumbi, na hii ya leo, pumzi ya Mdoe baada ya vumbi. Uso wake ukaanza kung'aa. Akaja mbio, akamshika Mdoe mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akaongea haraka haraka.

"Anakushukuru sana," Jonathan akasema. "Anasema safari yake yote hajapata kipimo cha kweli isipokuwa hiki chako. Anasema wewe peke yako unatosha kufundishia chuo kikuu kizima."

"Mwambie ahsante," Mdoe akasema.

"Anasema atarudi mwaka kesho. Anaomba..." Jonathan akamtazama Zamda aliyekuwa ameingia uwanjani bila ruhusa na mwiko wake mkononi. "Anaomba ubaki mle ndani, kwenye vumbi hilohilo, na ukuta wa upande wako usitobolewe, ili akirudi akupime tena aone imebaki kiasi gani."

Mdoe hakuwahi kumnyima mtu pumzi yake maishani. Akamtazama yule mtu mrefu mwenye miwani, aliyekuwa akitabasamu na kungoja, na hakuona ubaya wowote katika uso ule, na hilo ndilo lililomtisha. Akautundika mpira juu ya pipa polepole.

"Mwambie zilizobaki zina mwenyewe," akasema.

Akamwinua Mihambo, Zamda akashika bega la pili, wakaondoka uwanjani wote watatu, wakisimama kila baada ya hatua chache ili yule Mnyamwezi na yule Mzigua wapumue.